Pipa Lililoulizwa kwa Moto

Juzi nilimpiga mwanangu kofi mbele ya watu na sikuona haya. Ana miaka mitatu na nusu. Nilimkuta hapa uani kwetu Ngarenaro ameingia ndani ya pipa tupu la jirani, kichwa kimezama, anaimba ili asikie sauti yake ikimrudia. Nilimvuta kwa mkono mmoja kama mtu anayeng'oa muhogo, nikampiga, kisha nikamkumbatia mpaka akalia kwa kubanwa zaidi ya alivyolia kwa kofi. Jirani akasema, "Mama Daudi, mtoto anacheza tu, pipa lenyewe kavu!" Nikamjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi, lakini sababu sikumweleza. Naiandika sasa kwa ajili yenu ambao tulikua nanyi wakati mmoja chini ya mlima mmoja, tukachota maji katika mifereji ileile, tukakalia mabenchi yaleyale ya misheni. Nyinyi mtanielewa. Asiyenielewa, shauri yake.

Kwetu kulikuwa juu, kule Umeruni, ambako migomba imebanana mpaka jua linafika chini vipande vipande. Mama alikuwa mpika pombe ya ndizi. Wa mjini wakisikia hivyo wanafikiria mwanamke wa kilabuni, anayecheka na kila mwanamume. Hapana. Kwetu hakukuwa na posa, wala kuezeka nyumba, wala kupatanisha ndugu waliogombana, bila pombe ya ndizi. Na pombe ya ndizi haikutoka ila kwa mwanamke mwenye mikono safi. Mama alikuwa nayo hiyo mikono. Hata mwinjilisti wetu, aliyekuwa akihubiri juu ya ulevi kila mwezi, alikuwa akituma kibuyu kwetu na kusema hicho si kileo, ni chakula.

"Kupika ni kazi ya mtu yeyote," Mama alikuwa akituambia. "Kuosha ndiyo pombe yenyewe. Chombo kikiwa kichafu, hata ungepika ndizi za peponi utawapa watu siki."

Kwa hiyo utoto wangu ulikuwa wa kuosha. Vibuyu tulivitia maji ya moto na changarawe za mfereji, tukavitikisa kwa mdundo, chaka-chaka-chaka, mpaka mabega yakawaka. Tulimwaga, tukanusa, tukatia tena. Vikishakauka, Mama aliingiza ndani yake makaa ya loirieni, mzeituni wa porini, akaviziba mdomo kwa kipande cha jani la mgomba, na vibuyu vikakaa pale vikivuta moshi kama wazee. Kata tulizisugua kwa majivu. Chujio la kusukwa tulilifunga kwa kamba ndani ya mfereji, maji yakalipiga mchana kutwa. Mpaka leo nikisikia moshi wa loirieni mate yananijaa, halafu nayatema.

Mwisho wa yote lilikuwa pipa.

Tuliliita pipa, lakini halikuwa la mbao za kuungwa. Lilikuwa gogo zima la mti wa mringaringa ambalo Baba alilitoboa ndani kwa shoka na tezo kabla serikali haijamchukua kwenda kwenye vita vya Wazungu, katika nchi ambazo majina yake hatukuweza kuyatamka. Mdomo wake ulikuwa mwembamba, tumbo pana. Nusu yake ilifukiwa ardhini ndani ya kibanda ili pombe ipate joto la udongo, kwa hiyo halikuweza kuinamishwa wala kupinduliwa. Njia ya kuliosha ilikuwa moja: mtoto aingie. Mtoto anayepita mdomoni anashushwa kwa kamba ya mgomba na kigae cha kibuyu mkononi, anakwangua machicha yaliyoganda chini, anajaza ndoo, inavutwa juu. Kisha anasugua kuta kwa majani ya msasa na mchanga, anazisuuza kwa maji ya moto, anatolewa amelowa na kunuka ndizi, anapewa kipande cha muwa.

Nilikuwa mimi. Kwa miaka mitatu au minne nilikuwa mimi, na nilikuwa na kiburi kwa kazi hiyo. Humo ndani sauti yako inakuwa ya mtu mkubwa. Ukitazama juu unaona dunia imekuwa sahani, na uso wa Mama katikati ya sahani. Kisha mabega yangu yakapanuka, nikakwama siku moja mpaka nikachubuka, na Mama akacheka, "Basi, wewe sasa ni mwanamke, kazi hii ni ya mdogo wako." Mdogo wangu alikuwa Elinami. Alikuwa na miaka sita, pengo mbele, magoti meusi, na maneno mengi kuliko redio.

Lakini kabla ya mtoto kuingia, kulikuwa na jambo moja. Mama alichukua kijinga cha moto kutoka mafigani, akakifunga kwenye waya, akakishusha polepole ndani ya pipa huku akisema nalo kwa Kimeru kama anavyosema na mtu: umeamka, au bado umelala? Moto ukizimika, alifunua majani yote ya mgomba juu ya pipa, akalipepea kwa ungo, akaondoka. "Bado limelala. Tusiliudhi." Tukarudi jioni au kesho yake. Moto ukibaki unawaka mpaka chini, alisema, "Limeamka. Ingia, mwanangu." Huko ndiko tulikokuita kuliuliza pipa.

Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilijua kwa nini, au nilidhani najua: mna mtu mle ndani. Mtu huyo ndiye anayeifanya pombe itokote bila moto, ndiye anayepumua yale mapovu, na ukimkanyaga amelala atakasirika. Sikumwogopa. Nilikuwa nikimsalimia shikamoo nikishuka.

Kisha ikaja Jumapili ile. Mwinjilisti alikuwa anafundisha watoto baada ya ibada, nasi tumekaa kwenye nyasi. Akauliza, "Nani kwao bado wanashusha moto kwenye chombo cha pombe na kusema nacho?" Watoto wakaanza kung'oa nyasi. Nadhani nusu ya waliokuwa pale kwao walikuwa wanashusha. Msichana mmoja, mtoto wa jirani ambaye nilimnyima muwa, akaninyooshea kidole. "Kwao, Mwalimu! Wanaliuliza pipa!"

"Wanaliuliza nini?"

"Kama limeamka!"

Wakacheka, mwinjilisti naye akacheka, na kile kicheko chake ndicho sikukisamehe, maana kibuyu chake tulikuwa tumekiosha jana yake. "Ala! Kumbe Mungu wenu anakaa ndani ya pipa? Analala huko na machicha?" Kisha akaacha kucheka. Akasema huo ni moto wa mizimu, na anayeutoa anamsujudia pepo, na mtoto aliyebatizwa anayeshiriki anaizima taa yake mwenyewe mbele ya Bwana Yesu. Alisema kwa upole kabisa, akiniangalia.

Juma zima nikaitwa Binti Pipa. Nikipita: "Binti Pipa, baba yako ameamka?" Nikichota maji: "Binti Pipa, tuletee moto!" Elinami aliwarushia mawe. Mimi sikurusha. Mimi niliwaamini. Nilikuwa na miaka kumi, nimeshika namba ya kwanza darasani, na nilikuwa najua kusoma katika nyumba ambayo mama yangu alishika kitabu cha nyimbo kichwa chini. Nilianza kumtazama Mama kama mtu wa kuonewa huruma.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi bondeni. Asubuhi wanawake walikuja, wakachota pombe yote, wakajitwika vibuyu wakaondoka na Mama wakiimba. Akiwa amekwisha kujitwika, shingo imenyooka asimwage, Mama aliniambia, "Vibuyu vilivyobaki vioshe. Jua likifika pale juu ya kahawa, funua pipa, liliulize. Likiwa limeamka, mwingize mdogo wako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia nini?"

"Niliulize kwanza."

Hayo ndiyo maneno aliyoniachia. Hakuna mtu anayeweza kusema sikuambiwa.

Jua halikuwa limefika juu ya kahawa. Nilitaka tumalize mapema, tukimbie harusini tukale nyama. Nilifunua majani kidogo tu, upande mmoja, na ile harufu kali ikapanda. Nikafunga kamba kiunoni mwa Elinami. Akanitazama.

"Dada, hatuliulizi?"

"Sisi tumebatizwa. Hatuulizi mapipa."

"Mama atakuchapa."

"Nani atamwambia? Ingia."

Akaingia. Alikuwa ananiamini, ndiyo maana aliingia. Nilimshusha mpaka kamba ikalegea, kisha nikakaa nje ya mlango wa kibanda, nikaanza kutikisa vibuyu vyangu. Alianza kuimba, sauti ya mtu mkubwa ikitoka ardhini, mara akaacha.

"Dada! Linachoma pua!"

"Ni uvivu wako huo. Sugua!"

"Linachoma, Dada."

"Sugua, nimesema! Tunachelewa nyama."

Nikaendelea kutikisa. Chaka-chaka-chaka. Changarawe ndani ya kibuyu zina kelele nyingi. Nilipopumzika sikusikia kitu. Nikaita. Sasa elewa kwamba Elinami alikuwa na mchezo wake: anakaa kimya mle ndani kama aliyekufa, ukichungulia anapiga ukelele, unaanguka nyuma, anacheka mpaka anapaliwa. Nikasema moyoni, leo simpi furaha hiyo. Nikaosha kibuyu kingine. Kizima. Mpaka leo najua kuosha kibuyu kunachukua muda gani.

Nilipochungulia niliona unyayo wake mmoja, mweupe, umegeuka juu. Nilivuta kamba, akaja juu amejikunja, akakwama mdomoni, sikuwa na nguvu ya kumgeuza. Niliingiza kichwa nimshike nywele, nikahisi pua imechomwa na dunia inazunguka, nikaanguka nyuma. Hapo ndipo nilipopiga yowe. Alikuja mama wa jirani, mama wa yuleyule msichana aliyeninyooshea kidole, akiwa na shoka. Hakuuliza kitu. Alilipasua pipa la Baba ubavuni, kipande baada ya kipande, akilia na kupiga, mpaka pakatosha, akamtoa Elinami kwa ule upenyo. Tulimwagia maji. Tulimpulizia. Alikuwa ananuka ndizi.

Mama alipofika alikuwa bado amevaa kitenge cha harusi. Kabla hajalia, kabla hajamgusa, alinishika uso kwa mikono yake miwili.

"Uliliuliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Moto ulisemaje?"

"Uliwaka, Mama. Uliwaka mpaka chini."

Sikupanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe, kama kikohozi. Nilimwona Mama akiupokea. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefiwa tu. Ulikuwa wa mtu aliyesalitiwa na kitu alichokitegemea maisha yake yote.

Mwinjilisti alikuja kuzika, akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ningempiga jiwe leo. Siku ile nilijificha nyuma ya kanga ya Mama.

Wiki chache baadaye Mama alisimama kanisani, mwenyewe, bila kuitwa. Alisema mbele ya wanawake wote kwamba alikuwa akiutegemea moto, na moto umemdanganya, umesema mtoto aingie. Alisema aliyoyarithi kwa mama mkwe wake yalikuwa giza, na anayaacha. Wanawake walilia. Mwinjilisti aliomba muda mrefu. Nami nilikuwa nimekaa benchi la tatu, namba ya kwanza darasani, nikatazama uongo wangu ukitoka kinywani mwa mama yangu kama ushuhuda, ukienda kukaa nyumba kwa nyumba. Maana baada ya hapo, katika miteremko yetu yote, wanawake wengi waliacha kuyauliza mapipa yao. Hawakuacha kupika. Waliacha kuuliza tu.

Baba alirudi baadaye akiwa na koti la jeshi na kikohozi. Hakuchonga pipa lingine. Mama hakupika tena. Mimi nikasonga mbele na shule, nikapata nafasi ya sekondari, tulikuwa wasichana wachache sana tuliopata, na watu wakasema Mungu amemfuta Mama machozi.

Huko ndiko nilikojua. Mwalimu wetu wa sayansi, Mzungu mwembamba mwenye miwani, aliwasha mshumaa ndani ya bakuli la kioo. Akachukua chupa iliyoonekana tupu, akaiinamisha juu ya bakuli kama anayemimina maji. Hakumwaga kitu. Mshumaa ukazimika. Wasichana wakapiga makofi. Akaeleza kwamba kuna hewa nzito kuliko hii tunayovuta, haionekani, inakaa chini kama maji kisimani, moto hauwezi kuishi ndani yake wala mtu. Akasema inatoka katika kila kitu kinachochachuka: unga wa mkate, togwa, pombe.

Niliomba ruhusa nikatoka nje.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Mama yangu, asiyejua kushika kitabu, alikuwa na kipimo. Kipimo kilekile cha yule Mzungu mwenye miwani, kwa kijinga na waya. Walimcheka. Walimcheka watu waliokuwa wanakunywa pombe yake, nami nikawasaidia kumcheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua anacheka nini.

Sikuweza kuandika barua. Barua zangu Mama alisomewa na mwinjilisti. Kwa hiyo nilingoja likizo, na kila siku ya kungoja niliwahesabu watoto wa kule juu niliowajua, wenye mabega membamba. Likizo ilipofika nilipanda mlima bila kupumzika njiani. Nilimkuta Mama anachambua maharage. Sikukaa. Nilimwambia kuhusu hewa, mshumaa, chupa. Alisikiliza akiendelea kuchambua.

"Kwa hiyo moto husema kweli," akasema.

"Kila mara, Mama."

"Mbona siku ile moto ulidanganya?"

"Haukudanganya. Nilidanganya mimi. Sikuuliza."

Mikono yake ilisimama. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, nilikuwa nimebeba mgongo wangu safari nzima kwa kazi hiyo. Badala yake mimi ndiye niliyeanza kupiga kelele. "Kwa nini hukuniambia? Kwa nini ulisema limelala, limeamka? Ungesema mna hewa inayoua! Ungesema hivyo tu!"

"Hewa mimi niliambiwa na nani?" Mama alisema. "Mama mkwe wangu aliniambia: moto ukizimika, usiingize mtoto. Ndivyo nilivyopewa, ndivyo nilivyokupa. Nilikupa chote nilichokuwa nacho."

Akanyanyuka, akajifunga kanga. Nilidhani ananifukuza. Alikwenda nyumba ya kwanza, akaita hodi, nami nyuma yake. Akamwambia yule mama, mbele yangu, "Uliulize pipa lako. Moto haukunidanganya. Ni mtoto wangu aliyenidanganya, huyu hapa." Tukaenda nyumba ya pili. Ya tatu. Kila mlango alisema maneno yaleyale, hakupunguza, hakunifichia, na mimi nilisimama nikatazamwa. Wengine walishika mdomo. Mmoja alitema mate. Mama wa jirani, yule wa shoka, alikaa chini palepale mlangoni. Tulizunguka siku mbili, mpaka kwa mwinjilisti mwenyewe, ambaye alisema atalifikiria. Mama akamjibu, "Fikiria. Lakini wenye mapipa tumekwisha kuwaambia."

Siku ya pili, tukirudi kwenye njia ya mfereji, yeye mbele mimi nyuma, Mama aliuliza bila kugeuka.

"Alisema kitu? Mle ndani?"

Miaka yote hakuwahi kuniuliza hilo.

Nilikuwa nimeapa sitasema uongo tena maishani. Nilikuwa nimelipa kwa siku mbili, mlango kwa mlango. Nilitazama kisigino chake kilichopasuka, kinapanda na kushuka.

"Hapana, Mama," nikasema. "Alikuwa anaimba tu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akatembea hatua kadhaa. Kisha akasema, "Afadhali," na akaniambia niangalie, hapo mbele njia ina utelezi.